Mwalimu Chaki na Somo la Arobaini

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliofika. Wasifu huu wa marehemu dada yangu nimeuandika mimi, mdogo wake, kwa sababu nilikuwa karani wa posta miaka thelathini na mmoja na familia inaamini mwandiko wangu unasomeka. Kama mtu angeniambia Jumatatu iliyopita kwamba Jumamosi ya leo nitakuwa nimesimama hapa na karatasi hii, ningemwambia akapumzike. Mpaka sasa sijakubali vizuri. Nimeandika kwa siku tatu, na kila siku kati ya hizo tatu nimejulishwa jambo jipya kuhusu mtu niliyekuwa nakunywa naye chai. Mnivumilie nikisitasita.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Machi 1957 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli. Alikuwa mtoto wa pili kati ya wanne. Baba yetu alikuwa fundi wa kuchomelea, mama alifua mashuka ya hospitali. Wale wengine wawili walitangulia mapema, tukabaki yeye na mimi, mimi nikimfuata kwa miaka mitatu. Mama alisimulia kwamba marehemu alianza kusema kabla ya kutambaa. Labda mama alitia chumvi, ila si nyingi.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, kisha miaka miwili ya sekondari, akakatishwa baba alipoumia mkono karakanani. Hakulia mbele ya watu. Alijifunza kushona kwa kukaa karibu na fundi mmoja wa mtaani na kumuuliza maswali hadi yule fundi akampa cherehani ili apate kimya. Mwaka 1980 alijiandikisha masomo ya ushonaji na biashara kwa njia ya posta. Mimi nilikuwa nimeshaajiriwa, na bahasha zake zilipita mikononi mwangu. Somo moja lilichukua wiki tano kwenda na kurudi. Siku moja alituma kola ya gauni kama zoezi. Bahasha ilivimba, nikaitilia shaka, nikaifungua kwa mujibu wa kanuni mbele ya msimamizi wangu, na ndani tukakuta kola na kijibarua: "Mwalimu, naomba uniambie mbona inakaa upande." Jibu lilipofika, alikuwa ameshashona magauni sita yenye kola ya upande na wenyewe wanayavaa mjini. Alisema siku ile kwamba akija kuwa mwalimu, mwanafunzi wake hatangoja wiki tano kuambiwa amekosea. Alihitimu Novemba 1982. Cheti chake kiko ukutani mpaka leo.

Mwaka 1984 aliajiriwa na chuo cha ufundi kuwa mwalimu wa ushonaji. Alifundisha hapo miaka thelathini na mitatu. Jina la Mwalimu Chaki alipewa na wanafunzi kwa sababu alitumia kipande kimoja cha chaki kwenye kitambaa na ubaoni, na alama za chaki zilikuwa kwenye mkono wa kila nguo aliyovaa, hata ya harusi za watu. Kuanzia mwaka 1998 alipewa pia somo la ujasiriamali. Hakulifundisha darasani. Aliwatoa wanafunzi hadi sokoni, kila mmoja na karatasi, akawaambia waulize watu kumi ni nguo gani waliitafuta wakaikosa. Aliyerudi na majibu tisa alirudishwa kutafuta la kumi.

Ndoa yake ilifungwa tarehe 14 Desemba 1985. Mume wake alikuwa fundi bomba, aliyeitwa chuoni kurekebisha bomba moja la jikoni. Kazi ile ilimchukua wiki tatu. Kila asubuhi alifungua, akatazama, akafunga, akasema kesho. Mkuu wa chuo alipotaka kumfukuza, marehemu alimwambia, "Muache amalize, bomba lenyewe ni la zamani." Bomba lilikuwa halina kasoro yoyote, shemeji yangu mwenyewe alikiri hilo kwangu. Waliishi pamoja kwa karibu miaka ishirini na sita na kujaliwa binti mmoja na mwana mmoja. Shemeji alifariki tarehe 2 Agosti 2011. Marehemu alikaa kimya kwa siku arobaini, na kwa wanaomjua, hicho ndicho kipimo cha huzuni yake.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo lingeweza kupita bila kusemwa. Mwaka 2016 chuo kililetewa kompyuta ishirini. Somo la ujasiriamali likahamia kwenye skrini: mwanafunzi alijaza visanduku, kompyuta ikamchapia mpango wa biashara. Marehemu aliitazama ile mipango, akaona ishirini inafanana hadi makosa. Akauliza, "Nani kati yenu amezungumza na mteja?" Hakuna aliyenyoosha mkono. Mkuu wa chuo akamwona kikwazo. Alistaafu tarehe 31 Machi 2017, akaagwa kwa saa ya ukutani, na katika hotuba yake mkuu wa chuo alisema kwa utani kwamba Mwalimu Chaki ni hodari wa yote isipokuwa hajui hata kompyuta inawashwa wapi. Ukumbi mzima ulicheka. Mimi nilikaa mstari wa mbele, nikacheka mpaka nikajifuta machozi. Yeye alitabasamu, akaibeba saa yake.

Mwaka uliofuata alinunua simu ya kisasa. Nilimkuta ameishika mbali na uso kama mtu anayesoma mizani. Nikamwambia, "Dada, hiyo si ya rika letu. Utapiga zimamoto ukitaka kunisalimu mimi." Akanijibu, "Nikiijua vizuri nitakwambia." Hakuniambia. Nadhani nilikuwa nimeshajibu kabla hajauliza, na yeye hakuwa mtu wa kurudi kwenye mlango uliofungwa usoni pake. Mimi nami nilikuwa na kinyongo changu na simu: ndizo zilizokausha barua, na barua ndizo zilizonilisha.

Mwezi wa Januari mwaka huu nyumba niliyopanga iliuzwa, marehemu akanichukua kwake. Alinipa chumba cha pembeni, ukuta mmoja na chumba chake cha kushonea. Mwezi wa Machi nikaanza kumsikia anaongea peke yake. Ilikuwa kila asubuhi, baada ya saa tatu. Anasalimu, anauliza, ananyamaza, anacheka, anaendelea. Anasema "vizuri sana" wakati mle ndani hakuna mtu. Nilimwita wifi yake, dada wa marehemu fundi bomba, anayeishi nyumba ya pili. Tukasimama koridoni wote wawili, masikio ukutani. Alikuwa anasema, "Usimwambie mteja njoo kesho kama kesho haipo." Wifi yake alishika kifua, akaniambia kwa sauti ya chini, "Kaka, huyu kashaanza kututoka."

Tukafanya kikao cha watu wawili. Binti yake, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi katika mji mwingine, tuliona tusimtie wasiwasi. Jumatano tarehe 17 Aprili tulimpeleka hospitali. Simu tulimnyang'anya asubuhi hiyo na kuiacha kabatini, tukiamini ndiyo inayomchanganya. Alitufuata bila ugomvi. Daktari alimuuliza siku, mwezi, mwaka, akajibu vyote, akaongeza na jina la kitambaa cha pazia la daktari. Kisha daktari akamuuliza, "Mama, wanasema unaongea peke yako."

"Siongei peke yangu. Nafundisha."

"Unafundisha akina nani?"

"Wanafunzi wangu."

"Wako wapi?"

"Wako kwenye simu."

Mimi na wifi yake tulitazamana, tukatikisa vichwa. Daktari akaomba aione hiyo simu. Simu iko kabatini. Marehemu alitutazama mmoja mmoja, akaanza kucheka, akacheka hadi ikabidi ashike meza, na sisi tukachukua hicho kicheko kuwa ushahidi. Daktari alisema haoni tatizo la akili. Lakini alipomsikiliza kifua alirudia mara ya pili, akaandika karatasi ya kurudi Alhamisi tarehe 25 kupimwa moyo. Hatukurudi. Tulikwenda kwa ajili ya kichwa, kichwa kikaonekana kizima, tukaridhika. Ile karatasi ilikuwa kwenye mfuko wa koti langu hadi jana.

Jumanne tarehe 4 Juni aliamka kama kawaida. Alinywa chai nusu kikombe, akasema ana kazi ya kumalizia, akaingia chumba chake na kufunga mlango. Nilisikia anaanza kuongea. Mimi nilikuwa na redio, na nikafanya nilichokuwa nikifanya kila asubuhi tangu Machi: niliongeza sauti. Saa nne na nusu nilimwita aje amalizie chai yake. Hakuitika. Niliita tena, kwa ukali kidogo. Kisha nikaingia. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake, kichwa kimeegemea cherehani, simu imesimamishwa kwenye boksi la nyuzi mbele yake. Nilidhani amesinzia. Niliizima ile simu kwanza, ndipo nikamgusa bega.

Jumatano saa moja asubuhi sebule ilikuwa imejaa waombolezaji. Akina mama walikuwa mkekani, jirani yetu msusi akiwa katikati yao. Simu yake ikalia, akaitazama, na wote tukaona uso wake ukibadilika. Ujumbe ulikuwa umetoka kwa marehemu. Kidole chake kikabonyeza kabla akili haijafika, na sauti ya dada yangu ikajaa chumba: "Habari za asubuhi, wanafunzi wangu. Leo ni somo la thelathini na tisa. Nani ameshindwa kulala kwa sababu ya mteja?" Wifi yake alianguka. Wanaume wawili waliokuwa mlangoni walitoka nje bila viatu. Nami nakiri mbele yenu kwamba niligeuka kuangalia mlango wa chumba cha kushonea.

Msusi ndiye aliyetueleza, akilia. Marehemu alikuwa na darasa. Alilianzisha mwaka 2019 na wanafunzi wake wanne wa zamani, na sasa walikuwa mia tatu na kumi na wawili, katika miji ambayo mimi niliijua kwa mihuri ya posta tu. Lilikuwa na masomo arobaini ya ushonaji na biashara, kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Awamu hii ilianza tarehe 8 Machi. Aliyarekodi mapema na kuyapanga yajitume yenyewe saa moja, hata simu ikiwa imezimwa, watu wasikilize kabla ya kufungua kazi. Msusi alikuwa mwanafunzi wake kwa miezi saba. "Nilijua mnajua," aliniambia. "Mnakaa naye. Ningewaambia nini?"

Binti yake alipofika alinifungulia ile simu na kunikalisha. Nilikaa nayo Jumatano na Alhamisi. Nataka niwaambie nilichokiona, kwa kuwa mimi ndiye niliyecheka ukumbini. Niliona picha za mishono zikiingia saa sita na majibu yake yakitoka saa sita na dakika nne: fumua, vuta uzi, sasa tazama tena. Hakuna kola iliyokaa upande ikafika mjini. Zoezi lake la biashara lilikuwa hivi: mwanafunzi ajirekodi nusu dakika akimsalimu mteja halisi, amtumie. Alisikiliza salamu mia tatu. Mmoja wao marehemu alimwambia, "Wewe unasalimu kama askari wa getini, rudia." Mwingine, mshonaji wa sare za shule, mwanamke aliyekuwa anataka kufunga duka, alimrudisha mara sita, na mara ya saba akamwandikia, "Hapo hata mimi ningeingia." Duka lile liko wazi. Mwenye duka amesafiri siku mbili na yuko hapa, nyuma ya akina mama, amevaa sweta la kijivu.

Nikaona pia ujumbe wa tarehe 18 Aprili, siku moja baada ya hospitali: "Mnisamehe, jana maswali yenu yalikaa bila majibu. Nilipelekwa kupimwa kama nina akili. Ninazo." Chini yake watu mia wamecheka. Na baada ya hapo nikaona kitu ambacho hakikunichekesha. Tarehe 6 Mei yule mshonaji wa sare aliandika, "Mwalimu, leo umesimama mara nne katikati ya sentensi. Pumzi yako si ya kawaida. Nenda ukapimwe." Tarehe 13 wengine kumi na moja wakaandika hivyo hivyo. Tarehe 24 mmoja aliuliza, "Kuna mtu hapo nyumbani?" Marehemu alijibu, "Yupo mdogo wangu. Ndiye huyo mnayemsikia na redio yake."

Watu walio mbali siku mbili kwa gari walisikia moyo wa dada yangu unachoka. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta. Sina la kuongeza hapo, na mtu asije akanifariji leo kwa kuniambia sikujua. Nilisikia kila siku. Nilichagua kutosikiliza.

Baada ya kifo kutangazwa darasani, rambirambi zilimiminika, na katikati yake swali moja likarudiwa, kwanza kwa haya, kisha wazi: je, somo la arobaini alilirekodi? Lilikuwa litoke jana Ijumaa. Ni somo ambalo marehemu alikuwa amelitaja tangu la kwanza, kwamba humo ndimo atakamowaambia jambo alilojifunza kwa kuchelewa. Jana saa moja asubuhi hakikutoka kitu, na msusi anasema watu walikaa na simu mkononi hadi saa mbili.

Alilirekodi. Ndilo alilokuwa akilirekodi Jumanne. Binti yake alilikuta Alhamisi, dakika ishirini na tatu. Dakika nne za mwanzo ni mwalimu. Anasema alifundisha miaka mingi akiamini biashara ni kumjua mteja, na alipostaafu ndipo alipojua kwamba biashara ni kuanza upya mbele ya watu waliokucheka, ukiwa huna hata mmoja wa kukushika mkono, na kwamba kitu hicho hakuna chombo kinachoweza kukujazia. Anasema simu hii aliichukia mwezi mzima. Anasema, "Nilijifunza kuitumia kwa kuikosea. Nanyi mkosee, ila mkosee mapema." Anaanza sentensi nyingine, anaiacha, pumzi inasikika. Kisha anasema, "Ngojeni kidogo."

Dakika kumi na tisa zilizobaki hakuna sauti yake. Kuna taarifa ya habari, kuna bei za mazao, kuna tangazo la sabuni. Mwishoni kuna mimi, nikimwambia chai imepoa.

Jana mchana familia ilikaa. Wengine walitaka rekodi ifutwe yote, na walikuwa wakinionea huruma mimi. Kufuta ilikuwa rahisi, binti alishaweka kidole, wote wakinitazama. Nikasema hapana. Nimekata shauri, na nawaambia hapa ili nisije nikageuka kesho. Zile dakika nne zitatumwa kwa wanafunzi Jumatatu saa moja asubuhi. Nitazituma mimi, binti amenifundisha pa kubonyeza, nimekosea mara tatu. Aliuliza kama aondoe maneno mawili ya mwisho ili somo liishe vizuri. Nikamwambia ayaache, kwa sababu ndivyo alivyosema. Zile kumi na tisa ni zangu. Sitazifuta, wala sitamtumia mtu.

Marehemu amefariki akiwa na umri wa miaka sitini na saba. Ameacha binti mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, mwana mmoja, fundi wa lifti, ambaye yuko angani akija na hakuwahi, wajukuu watano, wifi mmoja, mdogo mmoja, na wanafunzi mia tatu na kumi na wawili, ambao arobaini na wanane kati yao wamefika hapa kwa nauli zao na wengi tunaonana nao leo kwa mara ya kwanza.

Dada, darasa limengoja kama ulivyosema. Sasa lala kwa amani, hatutakuita tena.